Kulala Maseno, Kufanya Kazi Milimani

Safari ya kila siku kwenda kazini huanza kuwa ndefu pale inapokula kile ambacho kazi yenyewe ilitafutiwa: pesa ya kubaki mkononi, nguvu za mwili, na muda wa kukaa na watu wa nyumbani. Kilomita peke yake hazitoshi kuipima. Mwendo ambao mwenye gari lake anaumaliza kwa dakika arobaini unaweza kumla abiria wa matatu saa mbili, kwa kuwa abiria husubiri gari lijae, hushuka, hutafuta chombo cha pili, kisha humalizia kwa miguu. Milimani, mtaa wa jiji la Kisumu, ni mahali panapofaa kulichunguza jambo hili, kwa sababu wengi wanaofanya kazi hapo hawalali hapo.

Mtaa huu uko kusini mwa katikati ya mji, kwenye ardhi iliyoinuka kidogo juu ya Ziwa Victoria, ukielekea hifadhi ndogo ya swala pala na ufuo wa Dunga. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na mji uliokua hapo ukagawanywa kwa rangi za watu kama miji mingine ya utawala wa Waingereza. Maofisa wa Kizungu walijitengea ardhi iliyoinuka yenye upepo wa ziwa. Wahindi wakakaa karibu na maduka yao. Waafrika waliowapikia, kuwafulia na kuwalindia malango wakatarajiwa kurudi kwingine jua likizama. Kwa hiyo mtaa ulipangwa tangu mwanzo uwe na wafanyakazi wanaotoka nje yake. Leo rangi haimzuii mtu, lakini kodi ya nyumba inamzuia. Ikulu ndogo ya Kisumu iko huku, na nyumba nyingi za zamani zenye bustani pana zimekuwa ofisi za mashirika yasiyo ya kiserikali, zahanati, shule na hoteli. Ofisi ya watu ishirini huhitaji mhasibu, dereva, mpishi wa chai, mfagizi na askari wa lango wa mchana na wa usiku, na ni wachache kati yao wanaoweza kupanga nyumba mtaa huohuo.

Ukivuka Barabara ya Ring unaingia Nyalenda, ambayo pamoja na Manyatta na Obunga ni sehemu ya mkanda wa makazi yaliyojibana kuuzunguka mji. Mipaka ya mji ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ardhi hizi za ukoo zilijikuta ndani ya mji bila kupimiwa barabara wala mifereji, na wenyewe wakaanza kujenga vyumba vya kupangisha. Ukweli huu ndio msingi wa hesabu yote ya safari ya Milimani. Anayesafiri kutoka mbali kila siku anapaswa kujilinganisha na jirani yake wa ofisini aliyepanga chumba Nyalenda na kufika kazini kwa miguu. Wanaojilinganisha na mwenye gari, au na mtu asiye na kazi kabisa, hupata jibu lisilowasaidia.

Wanaokuja kutoka nje huingia kwa barabara kuu tatu, na kila moja ina tabia yake. Mwandishi wa makala haya alizipita zote alfajiri, akiwa abiria kama abiria wengine, na anachokisema kuhusu mwendo wake kinatokana na viti vya nyuma vya matatu.

Barabara ya magharibi hutoka Busia na kupita Luanda, Maseno na Kisian kabla ya kuingia mjini karibu na uwanja wa ndege. Maseno, umbali wa takribani kilomita 25 hadi 30, iko kwenye mstari wa ikweta; shule yake ya wavulana ilianzishwa na wamishonari mwaka 1906, na chuo kikuu kimeujaza mji huo nyumba za kupangisha, maduka ya kunakili karatasi na hoteli za chapati. Asubuhi sana steji hujaa walimu, wauguzi, makarani na vijana wa kazi za ujenzi. Gari la kwanza huondoka mapema kwa sababu abiria wake wanajuana na hawachelewi. La pili na la tatu ndizo zenye mashaka: makanga huita, kiti kimoja hukosa mtu, na dakika kumi na tano hupotea injini ikinguruma. Wenye haraka hupanda Probox, gari dogo ambalo magharibi mwa Kenya limekuwa matatu isiyo rasmi, wakabanana kuliko idadi ya viti. Huenda haraka kwa kuwa hujaa haraka, na hilo ndilo huwafanya watu wenye akili timamu wakubali hatari ambayo wangeikataa siku ya mapumziko.

Kisian yenyewe ina jambo la kuangalia. Hapo ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na hapo ndipo barabara ya Bondo hukutana na ya Busia. Wanaofanya kazi Kisian na kulala mjini husafiri kinyume na umati: asubuhi magari yanayotoka mjini yana nafasi, na jioni yanayorudi mjini vilevile. Umbali ni uleule kwa aliyepanda kuelekea mjini na kwa aliyepanda kutoka mjini, lakini mchoko si mmoja. Ni kosa la kawaida mtu kuuliza kazi iko kilomita ngapi bila kuuliza umati unakwenda upande gani.

Barabara ya kaskazini hutoka Kakamega, kama kilomita 50, ikapitia Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa, kisha ikateremka Mamboleo na kuingia Kondele. Huku nyuma ni nchi ya milima na mvua. Mtu huondoka nyumbani na sweta, akifika mjini jasho linamtoka. Mteremko wa Mamboleo unahitaji breki nzima na dereva mtulivu, na abiria wa kila siku wanawajua madereva kwa sura na huchagua gari kwa kumwangalia anayeushika usukani. Kondele ndipo muda unapopotea. Daraja la juu limepunguza msongamano wa magari ya safari ndefu, lakini matatu za abiria hazina faida nalo, maana zinashuka chini kushusha na kupakia.

Barabara ya mashariki ndiyo tambarare kuliko zote, na ndiyo inayoweza kukatika. Hutoka Kericho na Kisii, njia hizo mbili zikikutana Ahero, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini, katikati ya mashamba ya mpunga ya Uwanda wa Kano. Kutoka Ahero hadi Rabuor na Nyamasaria ni mwendo ulionyooka, na siku ya kiangazi hakuna njia rahisi kuliko hii. Lakini Mto Nyando hufurika majira ya masika, na ziwa nalo lina siku zake: Mei 2020 maji yalipanda kupita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena, nyumba za ufukweni zikaingiliwa. Mfanyakazi wa Ahero au Nyakach anapopiga hesabu ya mwaka ni lazima atoe siku ambazo hatafika kazini, au atafika viatu vikiwa mkononi. Mwajiri aliyekulia mjini si rahisi aelewe jambo hili, hasa mvua yenyewe ikiwa haikunyesha Milimani.

Zamani palikuwa na njia nyingine mbili. Meli za shirika la reli zilipita Ghuba ya Winam zikigusa Kendu Bay na Homa Bay, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi la reli lilifika Butere kupitia Maseno na Yala. Treni na meli hazikuwa za haraka, lakini zilikuwa na ratiba. Ratiba ni kitu kikubwa kuliko mwendo kasi, kwa sababu aliye na ratiba hulala hadi dakika anayopaswa kuamka. Kendu Bay iko ng'ambo tu ya maji, na bado anayetoka huko leo huzunguka nchi kavu kupitia Katito na Ahero.

Njia yoyote iliyotumika, gari la nje ya mji haliendi mlangoni pa ofisi. Humwacha abiria kituo kikuu au pembeni mwa barabara kuu, na kutoka hapo hubaki kipande cha mwisho, ambacho wengi huchukua bodaboda au tuktuk, nao wenye kubana matumizi hutembea. Njia za waendao kwa miguu katikati ya mji zilitengenezwa vizuri katika miaka ya kuelekea mkutano wa Africities wa Mei 2022, na asubuhi kutembea hadi Milimani chini ya miti ni jambo la raha. Jioni ni habari nyingine. Kisumu hupata mvua za radi alasiri, na bodaboda iliyokuwa shilingi hamsini asubuhi hudai zaidi wingu likikusanyika. Kipande hiki cha mwisho, kifupi kuliko vyote, ndicho huharibu hesabu za wengi, kwa kuwa walipoulizia nauli waliulizia ya matatu tu.

Hesabu ya pesa yafaa ianze na mshahara wa mkononi, siyo ule ulioandikwa kwenye barua. Tuchukue mfano wa karani anayelipwa shilingi 60,000. Mfuko wa uzeeni wa NSSF huchukua asilimia 6, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha kodi ya mapato. Kinachobaki ni kama shilingi 45,300. Nauli haipunguziwi kodi. Tuseme analipa shilingi 150 za matatu na 50 za bodaboda kila upande: ni 400 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 8,800. Karibu moja ya tano ya mshahara wa mkononi imeishia njiani kabla ya chakula cha mchana.

Kwa kibarua hesabu ni kali zaidi. Amri ya kima cha chini cha mshahara huiweka Kisumu kundi moja na Nairobi na Mombasa. Baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024, mfanyakazi wa kawaida mjini alipaswa kupata takribani shilingi 16,100 kwa mwezi, na yule wa maeneo ya mashambani takribani 8,600, kila mmoja akiongezewa asilimia 15 ya nyumba: kama 18,500 kwa wa mjini na 9,900 kwa wa kijijini. Tofauti hiyo ndiyo huwaamsha watu saa kumi alfajiri. Lakini akifanya kazi siku 26 na kulipa nauli ileile ya 400, safari inakula 10,400, anabaki na 8,100 kabla ya makato. Yaani kibarua wa mjini aliyelala kijijini anarudi na pesa kidogo kuliko mwenzake aliyebaki sokoni kwao, kama wote wawili wanalipwa kwa mujibu wa amri. Ndiyo maana askari wengi wa malango ya Milimani hawatoki Maseno wala Ahero. Wanatoka Nyalenda, kwa miguu.

Muda nao una bei. Karani wetu akitumia saa mbili kwenda na mbili kurudi, kwa mwezi amesafiri saa 88, sawa na siku 11 za kazi za saa nane. Sheria ya Ajira ya 2007 haizihesabu saa hizo kuwa kazi, lakini mwili unazihesabu. Ukigawa pesa inayobaki kwa saa zote alizokuwa nje kwa ajili ya kazi, kila saa inampa kama shilingi 138. Angekaa chumba cha shilingi 6,000 Nyalenda, akaenda nyumbani kila mwisho wa juma kwa 300, akatembea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kila saa ingempa kama 190. Tofauti hiyo hupungua akiongeza gharama ya jiko la pili, kwani sufuria mbili hula kuliko moja. Haifutiki, hata hivyo, ila kwa mwenye familia kubwa.

Wataalamu wamelitazama jambo hili kwingineko. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa nyakati na nchi mbalimbali huelekea kutumia kama saa moja kwa siku katika mwendo, kwenda na kurudi, na miji hupanuka kadiri vyombo vinavyoongeza kasi. Wanauchumi wa Uswisi, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichunguza takwimu za Ujerumani wakakuta kwamba wenye safari ndefu huridhika na maisha kidogo kuliko wengine, ingawa nadharia ilitarajia mshahara au nyumba nzuri iwalipe fidia. Maelezo mamoja yana mantiki hata kwa abiria wa Maseno: binadamu huizoea nyumba kubwa na mshahara mnono upesi, lakini hazoei gari lisilojulikana litaondoka saa ngapi. Kila asubuhi mashaka ni mapya.

Hata hivyo Ujerumani si Nyanza, na hapa pana jambo ambalo takwimu za huko haziwezi kulibeba. Kwa Wajaluo na Waluhya wengi, chumba cha kupanga mjini ni mahali pa kulala tu. Boma ndilo la kwao: lina makaburi ya wazazi, ng'ombe, mahindi na jina la mtu. Kesi ya kumzika wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987 baada ya mabishano marefu mahakamani, iliwaonyesha Wakenya wote jinsi tofauti hiyo ilivyo nzito, hata kwa aliyeishi Nairobi miaka mingi. Kwa hiyo anayelala kwao na kusafiri kila siku hanunui usingizi peke yake. Anaonekana kwenye mikutano ya ukoo, anahudhuria matanga bila kuomba ruhusa ya siku tatu, anamwona mfanyakazi wa shamba anapopalilia, watoto wake wanakula mboga isiyonunuliwa. Anayemwambia mtu wa namna hiyo ahamie mjini aokoe nauli anahesabu upande mmoja wa daftari.

Lakini daftari lina ukurasa mwingine ambao wanaume husahau kuufungua. Mtu akiondoka saa kumi na moja alfajiri, kuna aliyeamka kabla yake kuwasha jiko. Akirudi saa mbili usiku, kuna aliyewaogesha watoto, aliyekagua kazi za shule na kufunga kuku. Mara nyingi huyo ni mke, mama au dada, na saa zake haziingii katika hesabu yoyote. Mwanamke akiwa ndiye msafiri, mzigo huwa mara mbili, kwani ataamka saa tisa kupika kisha asafiri, na jioni akute jiko likimsubiri. Hapa jua pia lina neno. Kwenye ikweta machweo hayasogei sana mwaka mzima, na kufikia saa moja jioni giza huwa linaanza kuingia. Kutoka ofisini saa kumi na moja kunamfikisha steji ya kijijini gizani, na bodaboda ya mwisho hadi nyumbani inamtaka amjue anayemwendesha. Kwa maoni ya mwandishi, kipande hicho cha giza kina uzito kuliko nauli yote, na mwajiri anayewashikilia wanawake ofisini hadi saa kumi na mbili bila usafiri anachukua kitu ambacho hakukilipia.

Baada ya yote hayo, zipo hali ambazo safari ndefu yafaa kukubaliwa bila kusitasita. Kazi ya kwanza ya kijana aliyetoka chuoni ni moja, kwa kuwa anachokipata ni uzoefu na majina ya watu watakaomwandikia barua, na mwili wake bado unaweza. Mkataba wenye mwisho unaojulikana, wa miezi sita au mwaka, ni hali ya pili; kuhamisha familia kwa ajili ya mradi utakaofungwa ni hasara kubwa kuliko nauli. Mwenye mzazi mgonjwa nyumbani hana hata haja ya hesabu. Katika hali nyingine nyingi, safari inayozidi saa moja na nusu kila upande, yenye kubadilisha chombo zaidi ya mara moja, kwa kazi ya kudumu, haifai kuendelea kupita mwaka wa kwanza. Wengi waliodumu nayo wamegundua njia ya katikati: kulala mjini Jumatatu hadi Alhamisi, watu wawili au watatu wakichangia chumba, na kurudi kwao Ijumaa jioni. Njia hii ina ubaya wake kwa ndoa changa na kwa watoto wadogo, lakini inaacha usiku nne za usingizi wa kweli katika juma.

Kabla ya kutia sahihi, yafaa mtu aipite njia yenyewe Jumatatu asubuhi, si Jumamosi alipokwenda kwenye usaili, tena ikiwezekana siku ya mvua, akitoka mlangoni pake na kuandika saa katika kila steji. Aulize pia mambo mawili kwenye barua ya kazi. La kwanza ni nyumba: kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au alipe kiasi kinachotosha kodi, na baadhi ya barua huyafunga yote ndani ya mshahara mmoja bila kusema. La pili ni saa ya kuingia. Ofisi nyingi za Milimani hufungua saa mbili kwa mazoea tu. Kuingia kukisogezwa hadi saa tatu, anayetoka Maseno huondoka nyumbani kumepambazuka, umati wa mapema ukiwa umeshapungua steji. Lakini kutoka kwake nako kutasogea hadi saa kumi na mbili, kwa hiyo saa inayookolewa asubuhi huibuka tena jioni, gizani. Kinachofaa kuombwa, hasa na mwenye watoto, ni kuingia saa tatu na kutoka saa kumi na moja kwa kupunguza mapumziko ya mchana, au siku moja ya juma ya kufanyia kazi nyumbani kama kazi yenyewe ni ya kompyuta. Ombi hilo ni rahisi kukubaliwa wiki ambayo mwajiri bado anamtaka mtu kuliko baada ya mwaka.